Meno ya Zabadi

Garissa, 12 Januari 2025

Shangazi yangu mpenzi, Bi Mwanasaumu,

Shikamoo. Natumai karatasi hii itakukuta umeshapona kile kikohozi cha Disemba. Mimi ni mzima. Jua la huku ni kali kuliko la kwetu na halina upepo wa kulipoza, lakini shule ni nzuri na wasichana wa kidato cha pili wameanza kunizoea. Baba nimempigia huko Msambweni, anasema presha imetulia. Nisalimie kaka Suleiman, na jirani yetu Mercyline na binti yake.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu huipokei. Kosa nalijua. Nilikukatia ukiwa bado unasema, na mtoto hamkatii mzazi maneno. Nisamehe. Lakini jambo nililotaka kukwambia halingoji hasira zetu zishuke.

Ni Zabadi. Siku niliyomwacha kwako nilikwambia mdomo wake unanuka, ukaniuliza ni paka gani anayenukia. Shangazi, daktari aliyemtazama kabla sijasafiri alimwinua mdomo akanionyesha. Fizi za nyuma zilikuwa nyekundu, na magego yamegandwa na uchafu mgumu wa manjano. Alisema uchafu ule ukiachwa utashuka chini ya fizi, meno yatalegea, na paka atakaa mbele ya chakula na njaa yake asiweze kula. Zabadi ana miaka saba tu.

Nimekutumia kifurushi kwa basi. Ndani mna brashi ndogo, na dawa ya meno ya paka yenye ladha ya kuku. Usimtilie dawa ya watu, sisi tunatema na yeye atameza. Wiki ya kwanza usimsugue. Mlambishe dawa kidoleni, basi. Akishaizoea, mwinue mdomo wa juu kwa kidole gumba, usugue taratibu kwa nje, kuanzia magego. Upande wa ndani uache, ulimi wake unausafisha. Nusu dakika kila upande yatosha. Akikataa, mwache hadi kesho.

Ni mihula miwili tu, shangazi. Nakuomba.

Binti yako,
Samiha


Timbwani, Likoni, 26 Januari 2025

Kwa Samiha, binti wa ndugu yangu,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha, alhamdulillahi. Mercyline anakusalimu, mumewe amebadilishiwa zamu kule Kipevu na sasa analala mchana, hata redio siwashi. Msamaha wako wa simu nimeusoma. Ningali naufikiria.

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo nianze na hilo. Umeandika brashi. Brashi ni ya viatu. Kifaa cha meno kinaitwa mswaki. Na huo uchafu mgumu wa manjano ulikuwa na jina kabla hujazaliwa wewe wala babako: ni ukoga. Ukitaka kunifundisha kazi, nifundishe kwa maneno yake.

Sasa nami nikuulize. Mimi, mwanamke wa miaka sitini na minne, hajati, niketi kibarazani nimpige paka mswaki na Timbwani yote inapita ikitazama? Nyumba hii imefuga paka tangu enzi za nyanya yako. Walikula vichwa vya samaki, wakazaa, wakafa kwa wakati wao, na hakuna aliyewahi kuwatazama meno. Wewe umesoma miaka minne huko chuoni, umerudi kuniambia kwamba tulikuwa watesaji. Nimeudhika, Samiha, na nataka ujue kwamba nimeudhika.

Habari njema ni moja. Suleiman ameacha vibarua vya bandarini, amefungua kibanda chake pale njia ya kuelekea feri. Anahudumia wanyama. Ubao ameuandika mwenyewe: Daktari wa Paka na Mbwa. Watu wanampita wakimwamkia daktari. Unajua nilivyolia kwa ajili ya mwanangu huyu. Sasa nalala.

Kifurushi kimefika. Nimekiweka juu ya kabati.

Shangazi yako,
Mwanasaumu


Garissa, 9 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kikohozi kimekwisha. Huku tumefanya mitihani ya kwanza, wasichana wangu wawili wamepata alama za juu kuliko wavulana wote wa shule ya jirani, nikaona nikwambie kwa kuwa najua utafurahi.

Mswaki. Ukoga. Nimekubali. Lakini niruhusu niulize na mimi. Hao paka wa nyanya walikufa kwa wakati wao, au walikufa njaa kando ya sahani na hapakuwa na mtu wa kuwafungua mdomo? Namkumbuka yule mweusi. Alikuwa akiudondosha udenda, akiokota kipande cha papa na kukiacha, tukasema amezeeka anadeka. Leo naona aibu.

Mtazame Zabadi anapokula. Akitafuna upande mmoja, akidondosha chakula, akijipangusa mdomo kwa mguu, au udenda ukimtoka, ujue anaumwa. Paka halii kwa jino. Huficha.

Na kuhusu kaka Suleiman, usinielewe vibaya, namwombea riziki. Lakini alisomea wapi udaktari? Nijuavyo mimi alikaa miezi mitano kwenye duka la chakula cha kuku. Tafadhali asimguse Zabadi.

Samiha


Timbwani, 2 Machi 2025

Samiha,

Ramadhani karimu. Mwezi umeonekana, tumeanza salama. Sina nguvu ya kuandika sana.

Meno ya paka wako yameshughulikiwa. Usitume vifurushi tena.

Neno ulilolisema juu ya mwanangu nimelisikia. Nimelimeza kwa kuwa tuko katika mwezi mtukufu.

Mwanasaumu


Garissa, 23 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo na saumu njema. Nilitaka nikae kimya hadi Idi, nimeshindwa.

Yameshughulikiwa na nani? Ni wewe uliyetusimamisha ubaoni ukatufundisha kwamba kitenzi kikiwa katika hali ya kutendwa, mtenda anaweza kufichwa. Watoto arobaini na wanane tuliliandika hilo. Sasa umenifichia mtenda katika sentensi moja na ukadhani sitaona.

Juzi Mercyline amenitumia picha. Hakuitumia kwa ubaya, alitaka kunionyesha bintiye alivyoshona nguo ya sikukuu. Nyuma ya mtoto, pale kizingitini kwako, amelala Zabadi. Shavu la kushoto limefura, na kifua chote kimelowa udenda. Nimeikuza picha ile hadi ikawa vinukta vitupu. Chonge lake la juu silioni.

Nakuuliza kwa adabu zote nilizofunzwa na wewe. Nani alimfanya hivi?

Samiha


Timbwani, 6 Aprili 2025

Samiha,

Idi imepita kwa heri. Babako alikuja na mbuzi nusu, watoto walikula.

Paka aliruka ukutani akaanguka. Paka huanguka. Jino limevunjika kama yanavyovunjika meno ya watu, na hakuna mtu anayeandikiwa barua ya polisi kwa hilo.

Nimechoka kuhojiwa ndani ya nyumba yangu na mtu aliyekwenda zake. Ulisema mihula miwili, na tangu hapo hujasema hata mara moja utarudi lini. Umeniachia mnyama na maagizo, na sasa umeweka na wapelelezi. Mercyline nimemwambia asikutumie picha tena.

Mwanasaumu


Garissa, 20 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Ukuta wa uwanja wako unanifika kiunoni. Zabadi amekuwa akiruka kutoka juu ya paa la Mercyline tangu ana miezi minne.

Kisauni, pale Magogoni, yupo daktari wa wanyama aliyesomea, anaitwa Tsuma. Nimeshazungumza naye. Anasema kila siku inayopita usaha unazidi, na paka asipokula siku kadhaa ini lake huharibika. Mpeleke. Huna haja ya kuniambia nani wala vipi. Mpeleke tu, shangazi, nakushika miguu.

Samiha


Timbwani, 18 Mei 2025

Mwanangu Samiha,

Baada ya salamu nyingi. Miguu ni mizima, macho ndiyo yanayonisumbua, kwa hiyo ukiona mistari imepinda usicheke. Zabadi yuko hai. Nimelitanguliza hilo kusudi usome mengine yote umetulia, ingawa najua hutatulia.

Alikuwa Suleiman. Na hakuwa peke yake.

Ile barua yako ya Februari, uliyomtaja yule paka mweusi, iliniudhi kwa sababu ilikuwa kweli. Nilimtazama Zabadi siku tatu. Alitafuna upande mmoja. Nikasema vema, meno yasafishwe, lakini sitakaa kibarazani na mswaki wa Samiha. Mwanangu ni daktari. Kwa nini niamrishwe kutoka Garissa wakati daktari nimemzaa mwenyewe? Nikamtia Zabadi kikapuni nikaenda naye kibandani.

Suleiman alimfunga ndani ya gunia, kichwa kikabaki nje. Sindano ya usingizi hakuwa nayo, alisema kazi ni ya dakika mbili. Alitoa kichuma chenye ncha iliyopinda akaanza kuukwangua ule ukoga. Zabadi alilia sauti ambayo sijaisikia kwa paka. Alipofurukuta gunia likafunguka nyuma, na Suleiman akaniambia, mama, mshike miguu. Nikamshika. Samiha, mimi ndiye niliyemshika miguu. Kile chuma kilipoteleza kikagonga chonge na damu ikanirukia mtandioni, bado nilikuwa nimemshika, kwa sababu mwanangu alisema kazi inakaribia kwisha na watu wawili walikuwa nje wakingoja zamu, nami sikutaka aaibike mbele yao.

Nikarudi nyumbani nikaufua mtandio. Kisha nikakuandikia kwamba yameshughulikiwa.

Kila siku nilijiambia kesho atakula. Nilimpondea samaki, nikamwekea maziwa, akalamba kidogo akaondoka. Suleiman alikuja kutazama mara moja, akasema ni uvimbe wa kawaida, utapungua. Nikamwamini, na aliponiuliza mtu nikasema ameanguka. Barua yako ya Magogoni ilipofika niliikunja nikaitia chini ya godoro. Kumpeleka kwa daktari mwingine ilikuwa kumwambia mwanangu kwamba yeye si kitu.

Tarehe ishirini na tisa Aprili, asubuhi, Mercyline alipiga hodi. Alikuwa amebeba kitu ndani ya taulo, akakiweka kizingitini akakifunua. Ni yule paka wao mdogo wa rangi ya chungwa, amekufa. Bintiye alikuwa amemsikia Suleiman akinadi kwamba anang'oa meno mabovu, akampeleka kwa siri akitaka kumfurahisha mamake. Waliishi naye siku sita, mdomo umeoza.

Nilingoja anitukane. Mercyline hakunitukana. Alisema, "Mama Suleiman, sikuja kugombana. Nimekuja uone, kwa sababu wako yuko hivyo hivyo na unanyamaza."

Alifunika taulo lake akaenda. Nilisimama pale mlangoni na hasira ikanipanda, wallahi, hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na kwa mara ya kwanza tangu Januari haikuwa juu yako. Nilikwenda kibandani na mtandio umelegea. Suleiman alikuwa na mteja. Nikamwambia mteja aondoke na mbwa wake. Nikamwambia Suleiman, kama mimi ni mama yako, vaa viatu tuondoke.

Tulivuka feri bila kusemezana, tukapanda gari hadi Magogoni, Zabadi kikapuni mapajani mwangu hata kulia hawezi. Daktari Tsuma ni kijana mpole, mwembamba. Alimdunga sindano Zabadi akalala usingizi mzito, akamfungua mdomo chini ya taa, kisha akamwita Suleiman asogee. Mimi pia nilisogea. Lile chonge lilikatika juu, mzizi ukabaki ndani ukielea katika usaha. Fizi upande wote wa kushoto zilikuwa zimechanwachanwa. Na ukoga uliokwanguliwa ni ule wa juu tu unaoonekana na macho. Wa chini ya fizi, ambao ndio ugonjwa, haukuguswa.

Daktari alimuuliza, "Hii kazi ulijifunza wapi?"

Suleiman akasema, "Kwenye simu."

Daktari alimpa taa ndogo amshikie, akaanza kutoa meno. Alitoa matano. Kila alipotoa moja aliliweka kwenye bakuli la chuma mbele ya Suleiman. Mara mbili daktari alilazimika kumwambia atulize taa. Alipomaliza kushona, Suleiman alitoka nje akatapika kwenye mtaro.

Zabadi sasa anakula samaki aliyepondwa. Kidonda kimefunga. Siku uliyotoka ukimwacha, alikuwa na meno yake yote, na mimi ndiye uliyemkabidhi. Sijui neno la kukuomba radhi linaloenea.

Shangazi yako,
Mwanasaumu


Garissa, 1 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne. Nashukuru yuko hai. Nashukuru ulivuka.

Nina hasira na wewe, na nitakuwa nayo kwa muda, usinipe pole. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Umeniandikia kurasa tano, na sijaona popote palipoandikwa kwamba kile kibanda kimefungwa. Umeandika alitapika. Kutapika si toba. Paka wa mtoto wa Mercyline amekufa. Nani amewaambia wale wengine, waliokwisha kupeleka wanyama wao pale, wawatazame midomo? Ubao bado uko?

Kaka Suleiman nilikula naye sahani moja utotoni. Alinifundisha kuendesha baiskeli. Kama angekuja akaniambia hana kazi ningemsikitikia. Lakini amejipa jina la watu waliosoma miaka mitano, akalitumia kuwafunga viumbe kwenye gunia. Wewe ulikuwa ukimchapa mwanafunzi aliyesema ameelewa naye hakuelewa. Kwa nini huyu asiulizwe?

Ofisi ya mifugo ipo. Usipoandika wewe, nitaandika mimi.

Samiha


Timbwani, 29 Juni 2025

Samiha,

Baada ya salamu. Usiandike. Nimeandika mimi.

Ubao ulikuwa bado uko. Wiki tatu baada ya Magogoni aliufungua tena mlango, amepaka rangi mpya, ameondoa neno Daktari akaandika Mtaalamu. Nilipomuuliza akasema hatang'oa tena, atakwangua tu. Nikamwambia, kukwangua ndiko kulikomvunja Zabadi. Akasema ile ilikuwa bahati mbaya, kila fundi huharibu moja akijifunza. Alisema hivyo mbele yangu, Samiha, mtu aliyeshika taa.

Nikarudi nikaketi mezani nikaandika kwa mkono wangu. Jina la mlalamikaji, Mwanasaumu. Jina la mlalamikiwa nikaliandika lote, la kwake na la babake marehemu na la babu. Nikaeleza gunia, nikaeleza kichuma, na sikutumia hali ya kutendwa mahali popote. Niliandika alimfunga, alimkwangua, nilimshika.

Maafisa walikuja wawili. Walichukua vile vyuma na chupa za sindano alizokuwa amezinunua sijui wapi, wakamwandikia kufika ofisini. Watu walijaa. Suleiman akauliza kwa sauti ni hasidi gani aliyemchongea. Nilikuwa nimesimama karibu na muuza mihogo. Nikajitokeza nikasema, "Ni mimi, mama yako."

Kuna mwanamke pale alinitemea mate karibu na miguu. Alisema mama gani huyu. Nami nilikuwa najiuliza hilo hilo.

Ofisini walimpa onyo na akaweka sahihi kwamba hatagusa mnyama. Amehamia Changamwe, anapakia na kupakua malori. Hapigi simu. Kabla hajaondoka nilimtaka anipe majina ya wateja wake, akakataa, kwa hiyo nimezunguka mwenyewe na Mercyline. Tumewapata kumi na mmoja. Wawili walitufukuza. Waliobaki walituacha tutazame, na watatu wamekwenda Magogoni.

Kifurushi nimekiteremsha. Daktari alisema ningoje kidonda kipone kabisa, kisha nianze. Wiki nzima nilimlambisha ile dawa ya kuku kidoleni, akawa ananifuata hadi jikoni. Wiki ya pili nikafunga kitambaa chepesi kidoleni nikamgusa meno ya mbele, nikamwacha aende zake. Sasa tuko kwenye mswaki. Kila baada ya alasiri, kibarazani, Timbwani inapita na inatazama. Upande wa kushoto mlimotolewa yale meno simgusi kwa nguvu. Hakuna harufu tena.

Hujanijibu bado utarudi lini.

Mwanasaumu


Garissa, 20 Julai 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimelia niliposoma ya yule mwanamke. Laiti ningekuwapo nisimame karibu nawe.

Nami nina la kusema, na utaudhika. Mwezi wa nne nilitia sahihi mkataba mwingine, wa miaka miwili. Sikukwambia. Mwanzo niliogopa. Baadaye, kila nilipoikumbuka ile picha, nilikasirika nikasema mtu asiyeniambia kweli simwambii kweli. Si sababu nzuri, najua.

Nimepewa nyumba ya walimu, ina vyumba viwili na uwanja. Disemba nitakuja na kikapu kizuri cha safari nimchukue Zabadi. Umebeba mzigo wangu vya kutosha.

Kaka Suleiman ameniandikia ujumbe kwenye simu. Neno moja tu, salamu. Sijamjibu na sidhani kama nitamjibu.

Samiha


Timbwani, 31 Agosti 2025

Samiha mwanangu,

Waalaikum salaam na marahaba. Mvua zimekatika, Maulidi inakaribia, na binti wa Mercyline amepewa kitoto cha paka na mke wa muuza mihogo. Amekuja kuniuliza aanze lini kumzoesha mswaki. Nimemwambia leo.

Nimeudhika, kama ulivyotabiri. Mwezi wa nne! Nilikuwa nikikuficha ya kwangu na wewe ukinificha ya kwako, na karatasi zote zile tukaandikiana shikamoo na marahaba juu yake. Basi, hilo tulifunge. Mkataba ni mzuri. Walimu wazuri wakae wanakohitajiwa.

Lakini Zabadi haendi Garissa. Huwezi kumtia paka wa meno mabovu ndani ya basi mchana kutwa katika joto lile, umpeleke kwenye nyumba asiyoijua, ambako daktari wa karibu hujaniambia yuko wapi. Mlango huu anaujua. Mkono huu ameuzoea, nami najua ulifanya nini kabla ya kuzoewa. Usiniambie kwamba umenibebesha mzigo. Hakuna aliyekuuliza kama ni mzigo.

Tarehe ishirini na mbili, siku ya Ijumaa baada ya sala, Suleiman alikuja. Alibisha hodi, nikanyamaza. Akabisha ya pili, nikanyamaza. Ya tatu nikaitikia, kwa kuwa baada ya ya tatu mtu huondoka. Amekonda, mabega yamekuwa ya mpakiaji. Hakuomba radhi wala hakuleta kitu. Aliniuliza, "Anakula?" Nikamwambia anakula.

Zabadi aliposikia sauti ile tu alikwenda uvunguni. Suleiman aliketi sakafuni, mgongo ukutani, mbali na kitanda. Wakati wa mswaki ukafika ukapita. Nikamwambia, leo hakuna mswaki kwa sababu yako. Akasema atangoja. Alingoja hadi adhana ya magharibi, na paka hakutoka. Akaaga akasema Ijumaa ijayo atarudi.

Juzi akarudi. Zabadi alichungulia ukingoni mwa kitanda, akamwona, akajirudisha. Suleiman akauliza nilimfanyaje hata akakubali kufunguliwa mdomo. Nikamwambia, wiki nzima nilimlambisha tu, sikumshika.

Kisha Suleiman akasema, "Wote niliwafunga, mama. Hata wale waliokuwa wametulia."

Mmoja wao nilikuwa nimemshika miguu mimi mwenyewe. Alipoondoka, Zabadi alitoka, akapanusa pale alipokuwa ameketi, akasogea mbali napo. Nikaketi naye kibarazani nikampiga mswaki, giza likiingia.

Sikwambii umsamehe. Mimi mwenyewe sijui kama nimemsamehe, na sijui kama nami nimesamehewa. Lakini salamu ni faradhi kuijibu, na hilo nilikufunza kabla ya kusoma na kuandika.

Njoo Disemba. Leta ile dawa ya kuku, imebaki kidogo. Kikapu usilete.

Shangazi yako,
Mwanasaumu